Sayansi Iliyofuata Stoo

Niliwahi kuwaita majirani waje nyumbani kwangu kutazama mavi ya ng'ombe. Hapakuwa na ugomvi, wala sikuwa nikigawa mbolea. Niliwaita kwa fahari. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimewalisha mafahali wangu watatu mahindi makavu, mazima, kama yalivyotoka kwenye gunia, na asubuhi nikazikuta punje zilezile zimelala kwenye kinyesi, nyeupe, hazina hata alama ya jino. Nikajisemea: ng'ombe hawa wameshiba mpaka wamebakiza. Nyumba inayobakiza chakula si nyumba ya maskini. Nikaanza kwa kumwita Bi Chausiku, jirani yangu wa ukuta mmoja, aje aone neema. Akaja na kijiti chake cha kugeuzia vitumbua mkononi, akatazama chini, akanitazama mimi, akasema:

"Baba Asha, ngoja nikawafungulie kuku wangu, angalau apatikane wa kukila hicho chakula."

Kuku wakaja, wakadonoa punje moja moja mpaka zikaisha. Wiki ile kuku wa Bi Chausiku walinenepa kuliko mafahali wangu.

Nimeanza na aibu yangu makusudi, asije mtu akadhani anayeandika haya ni mtaalamu. Nina kidato cha nne, na cheti chake mke wangu alikitundika ukutani, palepale paa linapovuja. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wanaume wengine wa Mwembesongo, mtaa wetu hapa Morogoro, hutoka asubuhi na kurudi jioni. Kwetu anayetoka ni Mama Asha. Hupanda mlimani kwao, Luhungo, kwenye shamba la ukoo wa mama yake, akashuka na ndizi na magimbi, akauza sokoni. Nyumba tunayokaa ni ya kwao. Shamba ni la kwao. Hata watoto, kwa desturi ya Waluguru, ni wa ukoo wa kwao. Mimi nimekabidhiwa tu niwatunze. Kiwanda kiliponipunguza pamoja na wenzangu, miaka ile ya ruksa ambapo kila kitu kilikuwa ruksa, kufukuzwa kazi kukiwemo, kiinua mgongo changu chote kilikwenda kwa mafahali watatu waliokonda. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Wangu walikaa watatu kwa amani kabisa, maana hakuna aliyekuwa na nguvu za kugombana. Lakini walikuwa wangu. Ndio pekee ambao ningeweza kuwanyooshea kidole nikasema, hawa ni wangu. Wakifa, basi mimi ni mgeni kwenye ua ninaoufagia mwenyewe.

Mtu aliyenieleza kwa nini punje zile zilipita tumboni kama wageni waliokosea nyumba ndiye ninayetaka kumsema leo. Jina lake analo, ila mtaani hakuna aliyelitumia. Alikuwa Bwana Mifugo, afisa wa mifugo wa kata yetu, basi. Alizaliwa wapi na babu yake nani, hayo wataulizana ndugu zake.

Alikuwa na tabia ya kuitikia "marahaba" kabla hujasema "shikamoo". Unamwona anakuja na baiskeli, hujafungua mdomo, yeye tayari: "Marahaba, marahaba." Mzee mmoja aliyekuwa amemzidi umri kwa mbali alimjibu siku moja, "Mimi sijakuamkia, kijana." Bwana Mifugo akasema, "Basi niwekee ya kesho."

Alikuwa pia na pua ya kujua nyumba gani inapika nini. Kwa ng'ombe aliingia baada ya kupita jikoni. Kwenye nyumba ya dagaa ukaguzi ulikuwa wa kusimama, kichwa dirishani, "Ng'ombe wako mzima huyo." Kwenye nyumba ya kuku ng'ombe walionekana kuwa na matatizo makubwa, ya kuhitaji kukaa na kuyazungumza kwa kirefu. Mama Asha alikuwa akisikia kengele ya baiskeli anafunika sufuria ya nyama na kutanguliza ya mchicha. Hata hivyo Bwana Mifugo alikaa. Alisema mchicha una madini.

Na ni lazima niseme na hili, ingawa linaniuma kulisema: alikuwa anajua. Siku ile ya punje alipita akakuta kuku wamekusanyika, akauliza kuna nini, nikamweleza kwa majivuno. Hakucheka. Alivua saa, akakunja suruali, akachutama kwenye kinyesi na kukichambua kwa kijiti kama mtu anayechagua mchele.

"Ndugu mfugaji," akasema, "wewe humlishi ng'ombe. Unawalisha vijidudu walioko tumboni mwake. Hao ndio wapishi. Wapishi wakila, wakaivisha, ndipo ng'ombe naye anafyonza. Sasa wewe umewapa wapishi mahindi mazima na jiwe la kusagia hawana. Wafanye nini? Wameyasindikiza mpaka mlangoni."

"Kwa hiyo niwape mabua?"

"Mabua peke yake, watajaza tumbo na watakonda matumbo yamejaa. Wapishi nao wanataka kitoweo. Loweka mabua, changanya na majani mabichi, tia konzi ya mashudu ya alizeti na pumba kidogo, uone mabua yanavyogeuka nyama. Ila usizidishe wanga. Togwa umewahi kunywa?"

"Nimeoa mlimani, Bwana Mifugo. Togwa ndiyo maji yangu."

"Basi tumbo la ng'ombe ni mtungi wa togwa. Ukienda nayo polepole, inakaa tamu. Ukimmwagia wanga mwingi na sukari kwa ghafla, mtungi mzima unachacha, ukuta wake unaungua. Na ukuta ukishaungua hafyonzi tena, hata umlishe dhahabu. Kinachomwokoa ng'ombe ni kucheua. Anapocheua anatoa mate, mate yanapoza ule uchachu. Na cha kumfanya acheue ni majani, majani marefu ya kutafunwa, siyo unga. Ng'ombe akiacha kucheua, mwondolee vyote, mpe majani makavu, umnyweshe magadi, uombe Mungu."

Aliyasema hayo yote amechutama, visigino vimezama kwenye tope la ng'ombe. Sijawahi kusikia darasa zuri kuliko lile, na nimekaa madarasani mpaka kidato cha nne. Mafahali wangu walianza kujaa mbavu kwa darasa lile. Mwaka huohuo nilimwona amelala kifudifudi kwenye zizi la bibi mmoja mjane, mkono umezama mpaka begani, akigeuza ndama aliyekaa vibaya. Alimtoa mzima. Bibi akampa jogoo, akakataa. Bwana Mifugo akakataa jogoo! Mtaa ulizungumza jambo hilo kuliko huyo ndama.

Ndiyo maana nasema mjinga akikuharibia kazi unamsamehe, utamlaumu nini, alichonacho ndicho alichokupa. Lakini huyu hakuwa mjinga.

Basi serikali ikaacha kuleta dawa za bure. Josho la kuogeshea ng'ombe likageuka makazi ya vyura. Mshahara wa Bwana Mifugo ukawa ni wa kununulia sabuni ya kufulia sare, na yeye, kama sisi wote, akatafuta pa kushika. Akavunja ukuta wa chumba chake cha mbele, akaweka mlango wa mbao mbili, akafungua stoo ya vyakula vya mifugo. Hapo sina neno. Bi Chausiku alikuwa anauza vitumbua, mwalimu wa mtaani kwetu alikuwa anauza barafu, mimi nilikuwa nimebaki na ng'ombe. Kwa nini yeye asiuze pumba?

Neno langu ni kwamba tangu siku ile sayansi yake ilianza kufuata stoo.

Stoo ikiwa imejaa mashudu ya pamba, alipita nyumba hadi nyumba akisema tatizo la ng'ombe wa Morogoro ni protini. Ng'ombe wa watu wakawekewa mashudu mpaka mafuta yakatanda tumboni juu ya majani, na majani yakatoka kama yalivyoingia. Mashudu yakiisha, tatizo la ng'ombe wa Morogoro likawa madini, na stooni kumbe kuna magunia ya vumbi la dagaa, lenye harufu iliyofika barabarani. Mtu mmoja alimuuliza mbona wiki iliyopita ulisema protini. Akajibu, "Elimu haisimami, ndugu yangu. Elimu ni kama mto." Mto wenyewe ulikuwa unatiririkia mlangoni kwake.

Bi Chausiku aliniambia juu ya ukuta, "Siku huyu akipata shehena ya misumari, ng'ombe wenu wote watakutwa wamepungukiwa chuma."

Mabuti yake nayo yalibadilika. Zamani yalikuwa na tope la kila zizi la kata. Sasa alivaa viatu vya mtumba vya rangi ya maziwa, na hakuingia zizini tena. Alisimama langoni, akahesabu mbavu kwa mbali, akatoa hukumu. Akina mama wa mlimani walioshusha mizigo ya majani kichwani kuja kuwauzia wafugaji wa mjini, na ambao zamani aliwasifu kwa majina, akaanza kuwaita wauza takataka. Mmoja wao ni shangazi wa mke wangu. Alimtazama tu, akasema, "Marahaba." Na Bwana Mifugo hakuwa amemwamkia.

Sasa ukaja ule mwezi wa kabla ya sikukuu ya kuchinja. Mafahali wangu walikuwa wamejaa. Sisemi walikuwa wa kutangaza kwenye gazeti, lakini ukiwapiga kofi mgongoni mkono ulirudi na kishindo cha nyama. Dalali wa mnadani alikuwa ameshapita mara mbili, mara ya pili akajifanya hana haja nao, na kila mtu anajua dalali akijifanya hana haja maana yake nini. Nilianza kutembea uani mikono imefungwa nyuma. Mama Asha aliniuliza kama mgongo unaniuma.

Wiki hiyo Bwana Mifugo alikuwa amepokea mapipa ya molasi kutoka upande wa mashamba ya miwa, na magunia ya chenga za mahindi kutoka sijui kinu gani kilichofilisika. Akaja langoni kwangu, viatu vya maziwa vimesimama nje ya kizingiti.

"Unawalisha nini hawa?"

"Majani ya mlimani, Bwana Mifugo. Mabua ya kulowekwa, pumba kidogo na konzi ya mashudu. Kama ulivyotufundisha."

"Nilifundisha lini hayo?"

"Siku ile ya kuku."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Hayo yalikuwa mambo ya enzi za foleni, ndugu yangu. Sasa ni soko huria. Ng'ombe wa soko huria hali majani. Majani ni ya mbuzi, yanajaza tumbo tu, yanachukua nafasi ya chakula. Unataka wapate nyama kabla ya sikukuu? Simamisha majani yote. Chenga na molasi, asubuhi na jioni, mpaka washindwe wenyewe. Utanikumbuka."

Hapo angalau hakusema uongo.

"Na togwa?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini niliuliza. "Si ulisema mtungi utachacha?"

"Mtaalamu ni wewe au mimi?"

Mtu mwenye kidato cha nne hujua mambo mawili: kwamba ana elimu, na kwamba haitoshi. Nilipeleka mkokoteni stooni siku hiyohiyo, na shangazi wa mke wangu aliposhuka na mzigo wake wa majani nilimwambia asante, safari hii hapana. Mama Asha alisimama na kuutazama ule mzigo ukirudi mlimani juu ya kichwa cha shangazi yake. Kisha akauhamishia ukumbini mzigo wake wa nyasi za kuezekea jiko, zilizokuwa zikisubiri fundi, zisije zikaliwa. Nikamcheka. Nikamwambia mafahali hawa hawali tena nyasi, wanakula kisasa.

Na walivyokula! Molasi inanukia, hata mimi niliionja. Walilamba hori mpaka likang'aa. Siku ya kwanza nilijiona nimechelewa kuijua. Siku iliyofuata wakala kidogo. Iliyofuata nilikuta vichwa vimeinama, masikio yamelegea, macho yameingia ndani. Kinyesi kilikuwa maji ya kijivu yenye povu, kinanuka siki. Nikamsukuma mmoja ubavuni, upande wa kushoto, nikasikia tumbo linacheza mchubwi-mchubwi kama kibuyu cha maji. Kisha nikagundua kitu kilichokuwa kimekosekana pale bandani tangu asubuhi, nami nisijue ni nini: sauti ya kutafuna. Hakuna aliyekuwa anacheua.

Mimi sitoki nyumbani, nimeshasema. Siku ile nilitoka mbio, ndala moja mguuni nyingine mkononi, mpaka kwa Bwana Mifugo. Stoo ilikuwa imefungwa mlango wa mbele, nikazunguka uani. Nikamkuta ameketi kwenye kigoda anakula muwa.

"Marahaba," akasema.

"Ng'ombe wangu wanakufa!"

"Wanazoea," akasema, akatema makapi. "Mabadiliko yoyote mwili unashtuka kwanza. Waongezee molasi, wapate nguvu ya kuzoea."

Nilikuwa tayari kuamini. Naapa nilikuwa nimeshageuka kurudi nikaongeze molasi. Ila nilipogeuka ndipo nilipowaona, nyuma ya chumba cha stoo, ng'ombe wake mwenyewe wanne, manyoya yanateleza, wamelala kwa raha, taya zinakwenda upande, zinarudi upande. Wanacheua. Mbele yao kumerundikwa majani ya mlimani, marefu, yamefungwa kwa kamba za mgomba, mafundo yaleyale ninayoyajua, ya shangazi wa mke wangu. Pembeni ndoo ya pumba, kiasi. Konzi ya mashudu. Darasa la siku ya kuku, neno kwa neno.

"Na hawa?" nikauliza.

Bwana Mifugo alitazama ng'ombe wake, akanitazama mimi, akatafuna muwa.

"Hao ni wa mbegu," akasema.

Walikuwa maksai. Wote wanne wamehasiwa, na mimi nikiwa nimesimama upande wa kuonea.

Nilirudi nyumbani nimechelewa. Yule mkubwa alikuwa ameanguka, shingo imekunjwa ubavuni. Bi Chausiku alikuwa ameshapanda juu ya ukuta wake anapiga kelele aitwe mchinjaji, "Atakuwa kibudu huyo! Wahini kisu!" Maana ng'ombe akifa kabla ya kuchinjwa ni mzoga, haliwi, anazikwa na mali yake. Mchinjaji aliwahi akiwa bado na mapovu ya sabuni kichwani. Huyo mmoja akachinjwa. Tulipoinua macho, wa pili alikuwa ameshakata roho kimyakimya nyuma ya banda, bila hata kutusumbua. Yule alikuwa mpole tangu nimnunue.

Akabaki mmoja, amesimama anatetemeka. Mama Asha alitoka ukumbini na mzigo wa nyasi za kuezekea. Aliukata kamba, akautupa wote mbele yake, akamwaga chenga nje ya hori kwa mguu. "Magadi," akaniambia. "Wewe si ulikuwepo alipofundisha? Magadi kwenye chupa!" Nikayeyusha magadi ya kupikia maharage, tukamshika taya, tukamnywesha. Akatema, tukarudia. Ilikuwa karibu na magharibi alipochukua unyasi mmoja, mrefu, ukaning'inia mdomoni kama sigara. Akautafuna. Bi Chausiku akasema "Bismillahi" kana kwamba ni yeye anayekula.

Kwa hiyo hesabu yangu na Bwana Mifugo imekaa vibaya, haifungiki. Aliyeniulia wawili ni yeye, na aliyeniponyea wa tatu ni yeye pia, kwa maneno ya zamani, kupitia mikono ya mke wangu. Ningependa wawe watu wawili. Ningemchukia mmoja kwa nafasi.

Yule aliyechinjwa ilibidi nyama yake ikaguliwe kabla haijaliwa, na mkaguzi wa kata alikuwa nani? Alikuja na kisu chake na mfuko. Akalipasua tumbo mbele ya watu. Likamwagika uji wa chenga, mchachu wa kufumba macho, na utando wa ndani ukabanduka mkononi mwake kama ganda la nyanya iliyochomwa moto. Aliushika ule utando kwa muda. Nilimtazama usoni, nikamwona amekiona kile alichonieleza mwenyewe kwa mfano wa mtungi. Kisha akasafisha kisu, akasema kwa sauti ya kuwatosha wote:

"Nyama ni salama. Mfugaji alizidisha. Tamaa ya sikukuu."

Akakata maini, kwa kuwa maini yanahitaji uchunguzi zaidi, akayatia mfukoni, akaenda nayo. Mpaka leo majibu ya uchunguzi hayajatoka.

Sikukuu ikapita. Nilikwenda mnadani na fahali mmoja badala ya watatu, na dalali safari ile hakujifanya, hakuwa na haja kweli. Jiko letu likakaa bila paa masika nzima. Mama Asha alipika na mwavuli. Alinipa aibu kwa kutonisema. Nilimuuza kwa bei ya kutupa, na nilichopata nilinunulia wawili wengine, wembamba kama wale wa kwanza, na nikaanza upya na mambo ya enzi za foleni: majani, mabua, pumba kidogo, konzi ya mashudu, na chochote kipya kikiingia kinaingia polepole, wiki baada ya wiki, kama mkwe anavyozoezwa nyumba. Chenga nilimpa Bi Chausiku. Kuku wanayo mawe yao tumboni.

Bwana Mifugo hakupungua. Kila alipopita na baiskeli alinitupia "marahaba" yake, nami kwa miaka mingi sikumpa shikamoo hata moja, na hakugundua. Stoo ilikuja kumfia. Wakaja wafanyabiashara wakubwa kutoka Dar na magunia yaliyoshonwa kwa mashine na picha ya ng'ombe anayecheka, na watu waliokuwa wanamfuata yeye wakawafuata wao, kwa imani ileile. Nilifurahi. Sitajifanya kwamba sikufurahi. Kisha akastaafu, na kwa muda nikadhani habari zake zimeishia hapo.

Mara ya mwisho kumwona uso kwa uso ilikuwa hapa hapa uani kwangu. Asubuhi gari jeupe la mradi wa mifugo likasimama, wakashuka vijana wanne wenye kofia zinazofanana, na nyuma yao akashuka yeye, mvi kichwa kizima, tai shingoni, mshauri wa mradi. Walikuwa wanazungushwa kuona wafugaji wa mfano. Mfugaji wa mfano, kumbe, ni mimi. Nilikuwa na mafahali watano wakati huo, wenye migongo ya kulalia mtu. Mama Asha akatoa viti, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Bwana Mifugo aliingia zizini. Mwenyewe, na viatu vyake. Akachutama penye kinyesi, magoti yakalia, akachukua kijiti. "Humlishi ng'ombe," akawaambia vijana, "unawalisha vijidudu walioko tumboni mwake. Hao ndio wapishi." Akaendelea. Mabua, kitoweo, mtungi wa togwa, mate, majani marefu. Hakukosea hata neno moja. Sauti ilikuwa ileile ya siku ya kuku, na mimi nilisimama pale nikatamani kuwa yule bwege wa kwanza aliyekuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Vijana walikuwa wameacha midomo wazi. Kisha nikakumbuka "wa mbegu", nikamchukia upya.

Alipoinuka alishika bega langu ili asianguke. Akalishika zaidi ya muda wa mtu anayeogopa kuanguka. Sijui alitaka nini na hilo bega. Kama ni msamaha, angesema. Hakuwahi kupungukiwa mdomo. Akaenda kukaa kwenye kiti.

Binti mmoja wa mradi, mwenye adabu, akaniamkia vizuri, akaniuliza: "Mzee, ulishaji huu ni mzuri sana. Nani alikufundisha?"

Nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema yote, mbele ya gari la mradi, mbele ya mke wangu, nimeingojea nafasi hiyo tangu jiko letu lilipokuwa halina paa. Lakini swali aliloliuliza yule binti lilikuwa na jibu moja tu la kweli. Nikamwonyesha kwa kidevu.

"Yeye," nikasema.

Bwana Mifugo akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea sadaka. Binti akatabasamu. Mama Asha akanitazama kwa macho ambayo sikuyafahamu. Na Bi Chausiku, ambaye miaka imempunguzia meno lakini urefu wa shingo haukupungua, akachungulia juu ya ukuta:

"Malizia basi, Baba Asha! Huyo huyo ndiye aliyewaua wale wawili, akaondoka na maini, na leo mmemtolea kiti!"